Dakika Nne za Nyundo

Mashabiki wa bendi ya Mabati wana vichwa vyao wenyewe, na nasema hivyo nikiwa mwanachama namba kumi na nne wa chama chao. Mtu akikwambia anaipenda bendi ya roki iliyovunjika miaka thelathini iliyopita, jaribu kumuuliza habari ya wimbo. Atakutajia rangi ya viatu. Muulize gitaa lilikuwa linaliaje, atakueleza lilikuwa na mkwaruzo upande gani. Kila Jumamosi saa tisa alasiri tunakutana kwenye chumba kilicho juu ya duka la vipuri vya magari, watu wazima wenye vitambi na miwani ya kusomea, tumevaa fulana za aina moja, tunagombana kuhusu mkwaruzo.

Fulana ina picha ya Nyundo, mpiga dramu wa Mabati. Ni mwanamume wa mabega mapana aliyekaa nyuma ya dramu amenuna. Fulana hizo hazifuliwi nyumbani. Wake zetu wamekatazwa hata kuzigusa. Zinapelekwa kwa dobi, na huko Mwenyekiti wetu, ambaye kazini ni muuza bima, amebandika karatasi ya maagizo ukutani: zigeuzwe ndani nje, na moto wa pasi usizidi namba mbili. Anayeyafuata maagizo hayo ni mwanamke mmoja ambaye wateja humwita Mama Pasi. Ni dada yangu mkubwa, tumezaliwa tumbo moja.

Sasa nisikilize vizuri. Huyo mwanamume wa kwenye fulana alikuwa dereva wa gari la bendi. Nyundo ni dada yangu.

Ilikuwa hivi. Baba yetu alikuwa mtunza stoo, mtu wa daftari na funguo, na kwake binti wa miaka kumi na tisa alikuwa na njia mbili tu, ya kwenda kazini na ya kurudi nyumbani. Dada akamwambia amejiandikisha darasa la ushonaji la jioni. Miaka miwili alikwenda darasani, na mpaka leo hajui kushona kifungo. Alikuwa kwenye banda la mabati nyuma ya karakana, anapiga dramu mpaka viganja vinachubuka, halafu anarudi nyumbani anamwambia Baba kwamba sindano zimemchoma. Wenzake wakamwita Nyundo. Siku ya kupiga picha ya jalada la kanda yao ya kwanza, ambayo ndiyo ikawa ya mwisho, aliogopa Baba asije akamwona dukani, basi dereva akaitwa akae pale kwenye kiti. Chini yake wakaandika: Dramu, Nyundo. Picha nyingine zote dada alizikwepa, na bendi haikuwahi kupanda jukwaani.

Baba akajua hivyo hivyo, kwa sababu watu wana midomo. Hakumpiga. Alimtafutia kazi kwa rafiki yake dobi, akaanza kesho yake asubuhi. Nyumbani ikawa marufuku kuitaja habari ile, na sote tukaufyata.

Mimi nina kibanda changu cha kuchonga funguo. Nilipotaka kujiunga na chama, nikafanyiwa mtihani kama kila anayeingia, maswali kumi ya ana kwa ana, yanaulizwa na Katibu, ambaye ni mwalimu wa hesabu na anatamani maisha yote yawe na majibu nyuma ya kitabu. Nilikuwa nazama. Swali la tisa akaniuliza Nyundo alikwenda wapi baada ya bendi kuvunjika. Ningesema nini? Kwamba yuko mtaa wa pili anapiga pasi mashuka? Nikasema, "Amekufa. Alipata kazi melini, akafa maji." Chumba kizima kikasimama. Nikaona nimefika pazuri, nikaongeza kwamba nilimjua, kwamba aliwahi kuniwekea mkono begani, na mkono wenyewe ulikuwa mzito vibaya sana.

Nilipita. Tangu siku ile mimi ni yule aliyemjua marehemu. Kila mwaka nasimama mbele ya wenzangu natia chumvi mpya, mara kicheko chake, mara mapenzi yake ya pilipili, na watu wazima wanatoa leso. Dada anajua. Nilipomsimulia mara ya kwanza alicheka sana, akasema afadhali amekufa, maana aliye hai ana mashuka mia moja ya kumaliza.

Baba alifariki mwaka jana. Miezi michache baadaye akatokea kijana mtengeneza filamu, amevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, anatengeneza filamu ya maisha ya Mabati. Mwimbaji, Kamanda, alishafariki zamani, lakini mpiga gitaa yuko hai ughaibuni, na ndiye aliyemwambia: mtafute Nyundo, ni mwanamke, alipelekwa kwa dobi fulani. Kijana akamfuata. Akamrekodi dada yangu akiwa kwenye meza yake ya pasi, na alipomaliza akamwambia atampa dakika nne.

Sikuwahi kumwona dada yangu akitaka kitu. Safari hii alitaka. Alikuja kibandani kwangu mchana akakaa kwenye kigoda cha wateja. Akasema, "Nataka jina langu liandikwe pale chini, mdogo wangu. Jina langu, na mbele yake mpiga dramu. Kanda ile inapigwa kwenye redio ya kazini, wateja wananiambia huyo jamaa anajua kupiga. Miaka thelathini naitwa jamaa. Baba hayupo tena, sina wa kumwogopa. Sitaki kingine."

Nikamwambia litaandikwa tu, litakosaje.

Nilisahau kabati. Picha zote za Mabati na kanda zote za mazoezi ziko kwenye kabati la chama, na bila barua ya ruhusa kutoka kwa Mwenyekiti filamu haina picha hata moja ya kuonyesha. Kwa hiyo Jumamosi moja kijana akaja na projekta akatuonyesha kazi yake ukutani, kabla haijakamilika, ili tumpe barua.

Hapo ndipo ungewaona mashabiki. Dakika ya kwanza watu wameanza kulia. Dakika ya tatu mmoja anadai viatu vya Kamanda vimeonekana vyeusi na vilikuwa vya kahawia, turudishe nyuma. Tukarudisha nyuma. Dakika ya saba wawili hawasemezani kwa sababu ya mwaka ulioandikwa chini ya picha. Wimbo wenyewe ulipopigwa hakuna aliyeusikiliza, kila mtu alikuwa anahesabu makosa kwenye karatasi.

Halafu akatokea mpiga gitaa, mzee mwenye mvi, akasema dramu za Mabati zilipigwa na msichana. Halafu akatokea Mama Pasi na pasi yake mkononi.

"Huyu mama wa dobi anatafuta nini humu?" akauliza Mwenyekiti.

"Na yule mzee?" mtu akasema.

"Mzee wa watu amechoka. Umri huo kumbukumbu zinakimbia."

Wangeweza kuishia hapo. Lakini dada yangu, masikini, akagusa Kimya. Kwenye wimbo mkubwa wa Mabati, ubeti wa pili, kuna pigo moja ambapo dramu inanyamaza ghafla kisha inaendelea. Sisi tunapaita Kimya cha Nyundo. Kikifika tunafumba macho na kuinua ngumi juu, wote, mpaka kipite. Katibu ameandika kurasa kumi na moja kuhusu Kimya hicho, amekipigia na hesabu, anasema kina siri ya maisha na kifo. Dada yangu pale ukutani akacheka, akasema fimbo ilimchomoka kwa jasho, ikaenda kumpiga mpiga gitaa sikioni, na kwa kuwa muda wa studio ulikuwa umekwisha wakaiacha hivyo hivyo.

Katibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Waliobaki wakaja juu. Eti huyo mwanamke anamtukana marehemu. Mwenyekiti akakata kauli: barua haitoki mpaka mama huyo aje afanyiwe mtihani kama mtu yeyote. Kijana wa miwani ya jua akakubali upesi, kwa sababu anawajua watakaokuja kuitazama filamu yake.

Jumamosi iliyofuata dada akaja. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani, amelipiga pasi mpaka mikunjo inakata. Pale chamani hakuna aliyejua kwamba ni dada yangu. Sikuwahi kusema. Mwanachama namba kumi na nne, rafiki wa Nyundo, aseme dada yake ndiye anayewafulia? Aliingia, akaniangalia, akaona sijainuka, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa.

"Viatu vya Kamanda vilikuwa na matundu mangapi ya kamba?" Katibu akaanza.

"Sikuwa namwangalia miguu. Nilikuwa kazini."

"Mkwaruzo wa gitaa ulikuwa upande gani?"

"Mimi nilikaa nyuma yao. Niliona migongo."

Ikaenda hivyo. Mwenyekiti anaandika sifuri kwa mwandiko mzuri. Swali la tisa nililijua kabla halijaulizwa, nikatazama dirisha.

"Nyundo alifariki mwaka gani?"

"Bado," akasema dada yangu.

Mtu mmoja akacheka, akakemewa. Alipata mbili kati ya kumi. Mwanamke mzima ameulizwa maisha yake mwenyewe na watu waliosoma jalada la kanda, na amefeli.

Akauliza kama kuna dramu mahali hapo. Hakukuwa na dramu. Hakukuwa na gitaa, hakukuwa hata na filimbi, miaka yote hiyo chama cha muziki. Akasema haya, basi, akachukua kalamu mbili nene za ubaoni, akasogeza meza, akaanza kupiga ule wimbo mkubwa juu ya mbao. Miaka thelathini mkono huo umeshika pasi, lakini nywele zilinisimama. Ilikuwa yenyewe hasa, ile ile, na meza ikawa inatembea taratibu kuelekea ukutani. Akaingia ubeti wa pili. Ngumi zikaanza kupanda. Akafika kwenye Kimya, akapiga. Akapiga pigo lililokuwa lipigwe siku ile kama fimbo isingechomoka, akaendelea mpaka mwisho.

Mwenyekiti akashusha ngumi yake polepole.

"Amekosea," akasema.

"Amekosea," wakaitikia. Katibu alikuwa karibu kulia kwa furaha. Nyundo hakupiga hapo, inajulikana, iko kwenye kanda.

Dada akaziweka kalamu mezani. Jasho lilikuwa linamtoka. Mwenyekiti, ili asionekane ameonea mtu, akanigeukia mimi. "Bwana Funguo, wewe ndiye uliyemjua marehemu kuliko sisi wote. Tuambie mbele ya watu. Huyu ndiye Nyundo?"

Naomba usiniulize nilikuwa nafikiri nini. Nilimwona dada yangu akinitazama, hajakunja uso, anasubiri tu, kama anavyosubiri pasi ipate moto. Nilihitaji neno moja. Na ningelisema, wangeniuliza la pili: sasa nani alikufa maji? Halafu ile fulana, na wale waliotoa leso, na mkono mzito begani kwangu.

Nikasema, "Nyundo alikuwa na mikono mikubwa zaidi ya hiyo."

Barua ilitoka siku hiyo hiyo. Dakika nne za dada yangu zikakatwa, pamoja na maneno ya yule mzee wa gitaa. Nimewacheka mashabiki wenzangu tangu mwanzo wa habari hii, na sijatubu, ni wapuuzi. Lakini wao hawakujua. Mjinga anayejua ni mmoja tu pale chumbani, na sasa unamfahamu.

Haikuishia hapo. Kijana alibaki na pengo kwenye filamu yake, dakika nne hana la kuweka, akanifuata kibandani. Nikamwambia sitaki. Mwenyekiti akaniambia ni wajibu wangu kwa marehemu. Nikatokea Jumatano na shati jeupe, nikazungumza mbele ya mashine ya kuchongea funguo. Nikaeleza mabega na mikono, nikaeleza pilipili, nikaeleza meli, nikaeleza bahari ilivyochafuka. Machozi yalinitoka ya kweli, na kijana alifurahi sana akasema turudie mara moja kwa usalama.

Filamu ilionyeshwa Jumapili mchana kwenye ukumbi wa sinema, viti vyote vimejaa. Dada alikuja. Sikumwalika, alinunua tiketi yake, akaja kukaa pembeni yangu hapo hapo katikati ya fulana zote. Nilipotokea mimi kwenye skrini, jina langu likaandikwa chini, na mbele yake: rafiki wa Nyundo. Watu walilia. Waliokaa nyuma walinipapasa mabega. Wimbo ulipofika ubeti wa pili ukumbi mzima uliinua ngumi na kufumba macho, na mimi nilifumba yangu ili nisimwone yeye.

Tulirudi kwa miguu. Njia nzima nilikuwa natafuta pa kuanzia, namwambia jua kali, namwambia viti vya sinema vinaumiza mgongo. Tulipofika mlangoni kwake akatoa ufunguo, akafungua, akageuka.

"Umesema dakika nne, mdogo wangu," akasema. "Mikono umeisema, bahari umeisema, hata pilipili umeisema. Hukusema hata mara moja kwamba nilikuwa napiga vizuri."