Taa ya Paji la Uso

Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili sikuwa mtu wa kukaa kitako. Nikikaa, mguu wangu ulianza kutikisika wenyewe, na mume wangu akinambia, "Utalitoboa hilo zulia." Nikiinuka, nilizunguka jikoni, nikafungua kabati, nikalifunga, bila ya kujua nilichokuwa nakitafuta.

Pemba nilikuwa daktari wa meno. Nilikuwa na chumba changu hospitalini, kiti changu kibovu, na foleni ya watu wameshika mashavu. London nilikuwa msaidizi. Nilikaa upande wa kushoto wa daktari katika kliniki moja ya Stanmore, nikashika mrija wa kufyonza mate, nikamkabidhi vyombo kabla hajaviomba. Daktari mwenyewe alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mombasa, mtu mpole, mwenye Kiswahili kitamu kuliko changu. Mgonjwa akishatoka aliniuliza, "Wewe ungelifanyaje jino lile?" Nami nikamwambia, na mikono ikaniwasha. Wema wake ulinipa taabu zaidi kuliko angekuwa mkali.

Ili niruhusiwe kutibu Uingereza ilinipasa kufaulu mtihani wa madaktari waliosomea nje. Sehemu ya kuandika nilipita. Sehemu ya mikono nilianguka. Nilikuwa nachonga jino la plastiki, chombo kikaligusa jino la jirani, kikaacha mkwaruzo mwembamba kama unywele. Msimamizi aliuona kabla yangu. Nilikuwa nakaribia miaka arubaini, macho yalikwishaanza kudai mwanga zaidi, na mimi nilikuwa nayakatalia.

Basi nikanunua kichwa cha mazoezi kutoka kwa mtu aliyekwishafaulu. Kilikuwa kichwa cha plastiki chenye taya na meno ya kubadilisha, nikakibana kwenye ukingo wa meza ya jikoni kwetu Wembley. Mashine ya kuchongea ilikuwa ile ndogo wanayotumia masonara. Binti yetu, aliyezaliwa huku, alikuwa akikifunika kichwa kile kwa taulo kila asubuhi kabla hajala. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu kwa Kiingereza kwamba yule mtu anamwangalia anavyotafuna.

Taabu ilikuwa mwanga. Globu ya jikoni ilikuwa katikati ya dari, nyuma ya kichwa changu, na kila nilipoinama nilikuwa nachonga ndani ya kivuli changu mwenyewe. Wakati wa baridi, nilipofika nyumbani kutoka kazini, nje kulikwishakuwa kiza. Nikamwomba mume wangu anishikie tochi.

"Shusha kidogo."

"Hivyo?"

"Umeshusha mno. Sogeza kushoto."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Si tunatazama upande mmoja?"

"Basi huko ndiko."

"Huko siko. Wewe unatazama televisheni."

Alikuwa anatazama kweli. Nilizima mashine, nikatoka nje kuzunguka mtaa bila koti.

Daktari wa Stanmore alikuwa na taa aliyoivaa kichwani, iliyotoka ng'ambo, yenye waya ulioshuka hadi kiboksi cha kiunoni. Popote alipotazama, mwanga ulikwenda naye. Siku moja nilimuuliza bei yake. Alipoitaja nilicheka, nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Jioni ile nilimhadithia mume wangu. Aliingia chumbani, akapiga magoti, akavuta kutoka chini ya kitanda sanduku ambalo sikuwa nimeliona tangu tuhame. Ndani yake, imeviringishwa katika fulana, ilikuwamo pasi yake ya kulehemu.

Nimesahau kusema kwamba yeye Wete alikuwa fundi wa redio. Watu walimletea redio kutoka Konde na Micheweni. London alikuwa anapakia maboksi kwenye ghala, na siku za mechi alivaa koti la manjano kuelekeza watu milango ya uwanjani. Mimi nilikuwa nimeshughulishwa mno na mikono yangu, sikuona kwamba na yake ilikaa bure.

Taa ya kwanza aliitengeneza kwa vitaa vidogo vyeupe vya LED, vile vya kwenye vichezeo, akavipanga kama petali kwenye kifuniko cha chupa ya jemu. Viliwaka vizuri kutazama. Lakini nilipoinama juu ya meno, kila kitaa kilileta kivuli chake, na chombo changu kimoja kikawa na vivuli vingi kama miguu ya tandu.

"Nataka mwanga mmoja," nilimwambia. "Na ukae katikati ya macho yangu. Ukikaa pembeni, pua ya mgonjwa tu inanizuia."

"Mmoja wenye nguvu sijauona madukani."

"Tafuta."

Alitafuta. Wakati huo LED zenye nguvu ndiyo kwanza zinaanza kupatikana, na alikuwa akipita maduka ya vipuri siku zake za mapumziko kama mtu anayeulizia ndugu aliyepotea. Siku aliyoipata aliileta ndani ya mfuko wa shati, kitu kidogo kama punje ya mahindi. Mkanda wa kichwani aliutoa kwenye kinga ya uso ya mchomea vyuma, aliyoinunua katika soko la vitu vikuukuu la Jumapili. Lenzi aliifungua kwenye tochi iliyokufa. Betri aliziweka katika mkoba wa kiunoni ambao mama yake aliuvaa alipokwenda Hija, na akamwomba radhi marehemu kwa sauti kabla ya kuutoboa kupitisha waya.

Nikaivaa juu ya mtandio. Nilipowasha, jino la plastiki la nyuma kabisa, lile lililokuwa likinisumbua, lilitokeza wazi kama sahani juu ya meza. Nilipiga ukelele. Nikaanza kuchonga pale pale, na chakula kiko motoni. Baada ya muda nikasikia harufu.

"Unaunguza wali," nilisema.

"Mtandio wako huo!" Aliruka akanivua taa kichwani. Kitambaa kilikwishapiga wekundu, na kwenye paji la uso nilikaa na alama kwa siku kadhaa. Daktari wa Stanmore aliniuliza kama nimejigonga.

Kumbe punje ile ndogo inatoa joto, na joto lazima lipate pa kwenda. Mume wangu alikata kitako cha sufuria yangu ya aluminiamu, bila ruhusa, akatengeneza kibati chenye mapezi kama ya samaki, akakiweka nyuma ya taa, kisha akaisogeza mbele kwa kijiti ili isiniguse. Tuligombana juu ya sufuria ile wiki nzima. Lakini taa haikuunguza tena.

Likaja lingine. Daktari alikuwa amenipa mabaki ya dawa nyeupe ya kuzibia meno, iliyopitwa na tarehe, nijifunzie. Dawa hiyo ni laini kama ugali wa mtoto. Unaijaza kwenye tundu, unaifinyanga umbo la jino, halafu unaimulika kwa taa maalumu ya buluu nayo inakuwa ngumu kama jiwe. Yangu ikawa inakauka kabla sijaifinyanga. Inashika kwenye chombo, inavunjika, nakwangua, naanza upya. Nilimwambia mume wangu kwamba nimepewa dawa mbovu. Nikazunguka jikoni mpaka binti yangu akahamia chumbani na vitabu vyake.

Jawabu nililipata kazini, nikiwa nimeshika kinga ile ya rangi ya chungwa tunayokinga macho wakati wa kumulika kwa buluu. Mwanga wa taa yetu ulikuwa mweupe, lakini ndani yake mlikuwa na buluu tele. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naigandisha dawa, kwa kuitazama tu. Nilicheka peke yangu, mgonjwa yumo kitini ameachama. Daktari alinipa kinga moja iliyovunjika, na mume wangu akakata kipande chake na kukitia bawaba ya miwani mbele ya lenzi. Nikitaka kufinyanga, nakishusha. Nikitaka kuchonga, nakipandisha.

Hapo ndipo shangazi yake mume wangu alipoingia katika habari hii.

Shangazi alikaa Peckham peke yake, na Jumapili nyingi alikuja kula kwetu, akibadilisha basi na treni, mfuko wa mihogo mkononi. Alikuwa mtu wa tambuu. Jani, popoo, chokaa na tumbaku vilikaa katika kikopo ndani ya mkoba wake, na shavu lake moja daima lilikuwa limejaa. Alinikuta nimeinamia kichwa cha plastiki, taa usoni.

"Eh! Mnachimba kisima humu?"

Mume wangu alimweleza, kwa fahari, kila kipande kilikotoka. Shangazi akasukutua mdomo kwenye sinki, akavuta kiti, akakaa.

"Haya, nitazame na mimi."

"Shangazi, mimi huku sina ruhusa ya kumtibu mtu."

"Nani kakwambia unitibu? Nimesema nitazame. Na kutazama kuna leseni?"

Akaachama. Nikamulika meno yake, yaliyokuwa mekundu kwa tambuu, nikamtania kidogo. Nikamwambia anyanyue ulimi. Chini yake, pembeni, mahali ambapo taa ya dari isingefika hata kwa bahati, palikuwa na baka jeupe lenye wekundu katikati, na ukingo wake umevimba.

Taa ya namna ile ina faida moja ambayo sikuwa nimeifikiria: mwenye kumulikwa haoni uso wako. Nilikaa hivyo hivyo mpaka nikajua sauti yangu itatoka sawa.

"Kidonda hiki tangu lini?"

"Kipi? Hicho? Tangu Ramadhani. Jino linanikwaruza."

"Kinauma?"

"Hakiumi. Ndiyo maana sikukisema."

Nilimwambia akaonwe kesho yake. Akasema mwezi huu ana harusi mbili na khitima moja, atakwenda baadaye. Mume wangu alijaribu, akaambiwa anyamaze, yeye shangazi ndiye aliyemwogesha akiwa mtoto. Shangazi akala, akafunga tambuu nyingine mbele yetu, akaondoka.

Nilimpigia simu daktari nyumbani kwake, jambo ambalo sikuwa nimepata kulifanya. Nilimweleza nilichokiona. Hakuniuliza nimeonaje wala kwa taa gani.

"Mlete kabla ya wagonjwa," alisema. "Kesho, keshokutwa, siku yoyote. Lakini mlete."

Nilikwenda Peckham. Shangazi alinipokea kwa chai na mkate wa mofa, akazungumza juu ya kila kitu isipokuwa mdomo wake. Mimi sikuweza kukaa. Nilikuwa natoka dirishani narudi kwenye kiti, natoka tena.

"Tulia, we mtoto! Umekuja kunitisha?"

"Sikuja kukutisha, shangazi. Mimi ndiye ninayeogopa. Tangu Jumapili silali, sili. Nikifumba macho nauona ulimi wako."

Shangazi akachukua kanzu yake ya kutokea.

"Basi twende tukakuondoe hofu wewe. Mimi sina kitu."

Daktari alimtazama chini ya ulimi, akavua glavu, akaandika barua ya hospitali kabla hata hajakaa. Walimkata kipande kidogo wakaenda kukipima. Ilikuwa saratani, nayo ndiyo kwanza inaanza. Wakati tunangoja siku ya upasuaji mume wangu alianza kutengeneza taa ya pili. Nilipomuuliza ni ya nani alisema hajui. Siku yenyewe tulizunguka korido ya hospitali, yeye anakwenda huku, mimi narudi huku, tukipishana, mpaka muuguzi mmoja akatuomba tuchague upande.

Shangazi alipona. Walimwondolea sehemu ya ulimi, na kwa muda mrefu alikunywa uji na supu. Maneno mengine yalimtoka yamepinda, akawa anakasirika tukimwambia arudie. Tambuu aliacha, lakini kikopo hakukitupa. Alitia humo pini za ushungi. Hakupata kunishukuru. Alikuwa akiwaambia watu wa Peckham, "Mke wa mwanangu ana macho mabaya, msimwachamie." Wakawa wananipigia simu wanachama wote wa msikiti wake, nami nikawapeleka mmoja mmoja Stanmore kwa njia ya halali.

Mtihani nilianguka mara ya pili, katika sehemu nyingine kabisa, na wala sikulia. Mara ya tatu nilifaulu. Taa yangu hawakuniruhusu kuingia nayo. Walisema vifaa vya umeme vya nyumbani haviingii, ikabaki kwenye kabati la mlangoni pamoja na koti langu. Nilifanya kwa taa yao, ambayo haikuwa nzuri, lakini mikono ilikwishaona njia.

Taa ya pili aliichukua daktari mmoja wa Kisudani aliyekuwa akisomea mtihani ule ule. Yeye akamleta mwenzake wa Lahore, mwenzake akaleta mwingine, na sufuria zangu zikaendelea kupungua. Mwishowe daktari wa Stanmore alimkutanisha mume wangu na fundi anayetengeneza viti na mashine za kliniki za meno, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumsaidia. Asubuhi ya kwanza ya kazi ile aliamka kabla ya adhana ya saa yetu ya ukutani, akavaa, akavua, akavaa shati lingine. Akaondoka bila ya kunywa chai, na begi la vyombo begani.

Kliniki yangu ya kwanza ilikuwa mbali, upande wa mashariki. Nilishindwa kukaa ndani ya basi, nikashuka vituo viwili kabla, nikatembea upesi kwenye manyunyu. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwashi mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi. Aliachama kabla sijamwambia jina langu. Nilivuta kiti karibu, nikamwomba ageuze kichwa kidogo, nikaanza na jino la nyuma.