Dua Yangu Nimeiitikia Mwenyewe

Niliitikia "amina" kwa sauti kuliko wote, nikidhani tunamwombea mwenzangu niliyezama naye baharini. Nikainua uso. Picha ya marehemu ukutani ilikuwa yangu.

Nilikwenda Kilwa Masoko kwenye mkutano wa watafiti na wavuvi, kufuatilia kazi ya kuwapelekea kina mama wavua pweza matokeo ya utafiti. Darasa la nne tu, lakini pweza nawajua. Nikazunguka ukumbini nikijitambulisha: "Mimi Somoe wa Songo Songo." Kila niliyemtajia jina aliuvuta mkono wake. Mjinga mimi, nikadhani nanuka pweza, nikaenda kunawa kwa sabuni mara tatu. Nikirudi, wananitazama miguu kama wanatafuta kwato za jini.

Baada ya dua, binti mmoja akanisogelea. "Shikamoo mama. Samahani, wewe ni mtu?"

"Marahaba. Mtu! Nivue viatu uone?"

Binti akanieleza yote: mtafiti Edgar alisikia boti yetu imezama. Hakuuliza nani kaokoka. Kaniandika marehemu, na kazi hiyo niliyoianza naye kampa shemeji yake. Nikamgeukia mbele ya wote: "Edgar, kaburi langu ulionyeshwa na nani? Simama uwajibu watu."