Kokoto Mfukoni

Nesi alipofungua bunda la pamba, harufu yake ikanirudisha kwenye ghala la pamba kijijini, siku watu wa kliniki walipokuja kupima uzito wa watoto. Bibi alinijazia kokoto mfukoni, kama wakulima wanaotia mchanga kwenye pamba ili izidi uzito.

"Kaa kimya, ng'wanawane, mwanangu. Ukiwa mwepesi watasema nakunyima chakula."

Mshale wa mizani ukapanda. Mpimaji akanisifu, bibi akapiga vigelegele. Mimi nikashuka nimeshikilia mfuko, sijui nani kadanganywa.

"Mama, umenenepa mno," sauti ya nesi ikanirudisha kliniki, macho yake kwenye mizani niliyosimama juu yake. "Haya mafuta ni ugonjwa. Punguza."

Nikavua viatu, nikavua saa, nikapanda tena. Kilo zile zile. Nikajikuta napapasa mfuko wa gauni, natafuta kokoto za kutoa.