Wazazi wangu walivyonisahau kisiwani Grenada, na nilivyofurahi

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo.

Humu mimi ni msomaji wa kimya, sijawahi hata ku-comment. Niko Grade 11, naishi Mayfair hapa Joburg, na mambo yangu naandikaga kwenye daftari tu. Hili nimelitoa humo kama lilivyo, chumvi sijaongeza.

Kwanza mjue nyumbani kulivyo.

Baba ni wa Tanga, ana spaza, kiduka cha mtaani, huko Soweto. Duka haliachwi peke yake, kwa hiyo analala hukohuko. Mama ni wa Unguja, anauza madira na kanga hapa Mayfair. Wanaonana Jumapili, na Jumapili yenyewe hawaongei. Hawagombani, wakuu. Hawaongei tu. Wanapitia kwangu.

"Zuhura, mwambie baba yako chai ipo mezani."

Baba kakaa hapohapo, kasikia kila kitu, lakini anasubiri nimwambie. Kisha: "Mwambie mama yako asante."

Na mimi ni mtoto wa pekee, hakuna wa kupokezana naye zamu.

Siku moja nikamsikia mama anamwambia mama mdogo kwenye simu kwamba nikimaliza Matric, yaani Grade 12, anarudi zake Unguja. "Yeye abaki na duka lake." Siku hiyo daftari sikuligusa.

Sasa, duka la jumla analonunua baba lilichezesha bahati nasibu ya wateja. Baba akashinda tiketi mbili za ndege kwenda Grenada, kisiwa kidogo huko Karibiani. Tiketi tu, kula na kulala mtajijua wenyewe.

Nikampelekea mama habari. Akasema: "Watu wawili? Siku kumi nitaongea naye nini? Bila Zuhura siendi."

Baba akaninunulia ya tatu, pamoja na mabegi ya mgongoni makubwa kama friji. Ndiyo nikawa mtu wa tatu kwenye backpacking ya mke na mume.

Niseme kidogo kuhusu mama. Grenada sifa yake ni viungo, hasa kungumanga, hata bendera yao ina kungumanga. Mama hakutaka kusikia. Alipakia karafuu, iliki na kungumanga, eti ugenini hakuna viungo vya maana. Tulipotua, afisa akafungua begi, akachomoa mfuko wa kungumanga, akawaita wenzake waje waone. Walicheka mpaka wakafuta machozi. Vikabaki palepale, sheria za mimea.

Mama: "Mwambie baba yako aache kutabasamu."

Kisiwa chenyewe, wakuu, ni taratibu mno. Ukipanda basi unasalimia watu wote. Hakuna anayekimbia. Mwenye guest house alitupikia shelisheli kwa tui la nazi na samaki, na mama tangu ahamie Joburg alikuwa hajagusa shelisheli. Alikula, akaongeza, akaongeza tena.

Ila mimi siku tatu za kwanza nilichoka kuliko mitihani. "Mwambie baba yako njia siyo hii." "Mwambie mama yako ramani inasema ndiyo hii."

Siku ya nne tukaenda kuona maporomoko ya maji. Njia ya msituni, tope tupu. Baba mbele kama anafukuzwa, mama katikati, mimi nyuma kabisa, kiatu kimenasa.

"Zuhura, mwambie baba yako atusubiri!"

Nilimsikia. Lakini pumzi sina, na kupiga kelele mbele ya watalii wengine sithubutu. Nikanyamaza. Mama akangoja. Baba anazidi kwenda.

Ndipo nikasikia: "We Abdalla! Unamkimbilia nani huko?"

Wakuu, maisha yangu yote sijawahi kumsikia mama akimwita baba kwa jina. Baba aligeuka kama kaitwa na polisi, akateleza, akalalia begi lake miguu juu, kobe kabisa. Mama akacheka hadi akashika mti. Akaenda kumvuta, begi likamzidi, naye chini.

"Eish, Mwanaidi, ulikuja kuniokoa au kunikalia?"

"Nyamaza, shika mkono!"

Kuanzia hapo wakatembea pamoja. Nikamsikia baba anakumbushia alivyokuwa akienda kwenye duka la shangazi yake mama, Tanga, mama alikokuwa akiuza, kununua uzi ambao hakuwa na kazi nao. "Nilijua," mama akasema. "Shangazi naye alijua. Ndiyo maana alikupandishia bei."

Mimi nikapunguza mwendo makusudi.

Wakati wa kurudi, pale kituo cha basi, nikaenda chooni. Natoka, basi halipo. Na wao wamo ndani!

Laini ya kule sina. Muuza madafu akaniuliza kama nimesahauliwa. Nikamwambia nadhani ndiyo. Halafu, mimi ambaye hata kota, ule mkate wa kujazwa chipsi, naagiziwa na rafiki yangu, nikamsimulia mgeni huyu kisa chote. Akanipa dafu la pili.

Baada ya kama nusu saa wakarudi kwa pickup ya mtu, wanahema.

"Nilijua yuko na wewe!"

"Mimi ndo nilijua yuko na wewe!"

"Mama gani wewe?"

"Na baba gani wewe, Abdalla?"

Walibishana mbele yangu uso kwa uso, wanacheka, hakuna aliyenigeukia kusema mwambie. Nikamalizia dafu langu. Sijawahi kufurahi vile.

Siku hizi baba kapata mtu wa kumshikia duka, Jumatano anashinda nyumbani. Juzi mama akawa kwenye simu na mama mdogo: "Likizo tunakuja Unguja wote, mimi na Abdalla." Kisha akakumbuka: "Na Zuhura."

Nilichojifunza: nilidhani nisipobeba maneno yao nyumba itavunjika, kumbe kubeba kwangu kuliwapa sehemu ya kujificha.

Kwenu nani anatumwa hivi? Mwageni hapa chini, nitawajibu mmoja mmoja. Aibu imepungua kidogo.