Blanketi Lililoogopwa Mollo

Kuna asubuhi moja ya kipupwe ambayo haijawahi kunitoka, mwanangu, ingawa tangu hapo nimezaa, nimezika, na kichwa changu kimekuwa cheupe. Nikiikumbuka, mikono hii huanza yenyewe kutafuta mahali pa kushika. Sogea karibu nikusimulie. Sindano usiweke chini. Masikio yana kazi yake na mikono ina yake.

Wakati huo nilikuwa mke mpya. Nilikuwa nimetoka Ilemba, kule bondeni, ambako mtu hulala bila shuka na bado akaamka na jasho. Mume wangu akanileta huku juu, Mollo, na baridi ya Ufipa ikanipokea kabla ya wakwe. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Mume wangu alikuwa amekwenda kwenye vibarua vya mahindi upande wa Laela, nami nikabaki na nyumba, na upepo, na jirani mmoja aliyenionea huruma.

Jirani huyo aliitwa Skolastika. Sisi tulimwita Bibi Skola. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kufuma: mablanketi ya watoto, kofia, soksi, skafu. Uzi hakununua. Alikwenda mjini kwa mafundi wanaofuma sweta za shule kwa mashine, wakampa masalio yaliyobaki chini ya meza. Alipita nyumba kwa nyumba kuomba sweta zilizotoboka viwiko, akazifumua, akazifua, akazikunja madonge. Na kwa kuwa mabaki hayafanani, alizitia nyuzi zake rangi mwenyewe nyuma ya jiko. Maganda ya vitunguu yalimpa manjano, magome aliyoyachemsha kutwa yakampa wekundu mzito, na aliweka shabu kidogo ili rangi isikimbie maji.

"Uzi wa mwenye nacho na uzi wa asiye nacho," alikuwa akiniambia, "zikishapita chungu kimoja zinakuwa ndugu."

Ndiye aliyenifundisha. Nilikaa kwake karibu kila siku, nikifuma blanketi la mtoto wangu ambaye bado sikumjua sura. Moshi wa chungu kile ulikuwa umemwachia macho mekundu, na rangi ilikuwa imemkaa kwenye kucha isitoke hata kwa majivu. Wewe umesoma, mwanangu, utaniambia moshi ni moshi na rangi ni rangi. Lakini unajua vizuri jicho jekundu la bibi kizee anayeishi peke yake linavyosemwa huku kwetu.

Basi, nyumba ya tatu kutoka kwake alikaa kijana mmoja, Gaspari, na mkewe Yustina. Walikuwa wamepata mtoto wa kiume mwanzoni mwa baridi, na Bibi Skola akampelekea blanketi la rangi nyingi. Yustina alilipokea kwa magoti. Mtoto alifunikwa nalo, akanenepa, watu wakalisifu. Kisha mtoto akaanza kukohoa.

Maneno niliyasikia kwanza bombani. Mwanamke mmoja alisema mtoto wa Yustina hanyonyi. Mwingine akauliza amefunikwa na nini. Wote walikuwa wanafikiria jambo moja, na kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Akaanza mmoja: blanketi lile lina nyuzi za nguo za watu wote wa hapa, hata sweta la marehemu mama yake Gaspari limo. Kwa nini mtu akusanye nguo za watu? Kwa nini azichemshe na mizizi? Mwenzake akamalizia kwa methali, na methali ikimalizia umbea huwa mbaya kuliko tusi. "Kikulacho," akasema, "ki nguoni mwako."

Nilijitwika ndoo yangu nikaondoka. Nataka nikwambie ukweli wa moyo wangu, maana hofu ukiificha haimfundishi mtu. Sikuwa na uhakika. Bibi Skola nilimpenda kama mama, lakini njia nzima nilikuwa najiuliza: na kama ni kweli? Nilifika nyumbani nikalitazama blanketi la mwanangu likiwa limelala kitandani, nusu limefumwa, nikashindwa kuligusa. Mtoto alicheza tumboni, nami nikaruka kama niliyeshikwa bega na mtu nisiyemwona.

Kesho yake asubuhi nikaenda kumwambia. Nilimkuta ametundika mafungu ya nyuzi kwenye kamba, yakidondosha maji mekundu, na chungu bado kiko motoni pale uani kinatoka mvuke. Nilimweleza yote, hata methali. Hakuacha kukoroga.

"Mtoto anapumuaje?" akaniuliza.

"Sijui, Bibi."

"Mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi?"

"Sijui. Sikumwona."

Akaweka mti wa kukorogea chini, akanitazama. Hakuwa mtu wa kugomba, mwanangu, lakini jicho lile lilinipunguza kimo. "Mmeongea habari za blanketi bombani kote," akasema, "na hakuna hata mmoja wenu aliyekwenda kumwangalia mtoto."

Nikamsihi aondoke. Alikuwa na binti ameolewa Laela. Basi hupita barabarani asubuhi, angewahi. Nilikuwa hata nimeanza kumfungia nguo kwenye kanga. Akanishika mkono.

"Nikikimbia leo, na mtoto akifa kesho, nitakuwa nimekiri. Na wewe utakayebaki, uliyekuwa unakaa kwangu, watakuuliza nini?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikaifungua ile kanga.

Hatukuwahi kusema neno jingine. Walikuja kwa njia ya shambani, ukungu bado haujainuka, kwa hiyo tulisikia miguu kwanza kwenye nyasi kavu, kisha tukaona watu. Wanaume, na nyuma yao wanawake wachache. Gaspari alikuwa mbele na fimbo. Kulikuwa na mtu ameshika dumu, na upepo ulipogeuka nikapata harufu ya mafuta ya taa. Wengine walikuwa watu niliowajua: mmoja alikuwa amevaa kofia aliyofumiwa na Bibi Skola mwenyewe.

Mtu akapiga chungu teke. Maji mekundu yakatiririka mpaka miguuni kwetu, na sauti ya mwanamke ikasema kwa nyuma, polepole kabisa, "Damu hiyo." Hakuna aliyecheka. Waliokuwa mbele walirudi hatua, na nikajua hapo kwamba na wao wanaogopa kama mimi. Usidhani hilo lilinituliza. Mtu mwenye hasira unaweza kumbembeleza. Mwenye hofu na fimbo mkononi hasikii.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Siku ile niliona lisilokuwepo likisemwa mpaka likapata miguu likaja uani.

Bibi Skola alijifuta mikono kwenye kanga. "Gaspari," akasema, "umefika kwangu asubuhi hujanisalimia."

Mtu mmoja kule nyuma, kwa mazoea tu ya kulelewa, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Usimtaje mtoto wangu," Gaspari akasema. "Ulichukua sweta la mama yangu."

"Ulinipa wewe. Ulisema unataka mwanao aote joto la bibi yake. Ukasahau?"

Yustina akapenya katikati ya watu, amembeba mtoto kwenye kanga nyepesi, mama aliyekwisha kulia mpaka uso umekauka. Blanketi alikuwa amelishika mtu mwingine kwa ncha ya mti, kama mtu anavyobeba nyoka aliyeuawa. Walikuwa wamelileta lichomwe pamoja na nyuzi zote, na nyumba. Na nadhani si nyumba peke yake.

"Nifunulie," Bibi Skola akamwambia Yustina. Yustina akafunua kanga. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu, na kila pumzi ilivuta ngozi katikati ya mbavu.

"Huyu ni wa hospitali," Bibi Skola akasema. "Sasa hivi."

"Mganga tuliyemwendea jana amesema tuchome kwanza," akasema mwenye dumu.

"Mtachoma mkirudi. Mimi ni mzee, sina mbio za kuwashinda. Nitakwenda na mtoto, na yakimpata mabaya nitakuwa pale pale, mtanikuta. Lakini mfunikeni. Upepo huu utammaliza kabla hamjafika barabarani."

Kitu chenye joto uani pale kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa kwenye ncha ya mti. Hakuna aliyenyoosha mkono. Yustina alilitazama blanketi, akamtazama mtoto, akaligusa, akaurudisha mkono haraka.

Mwanangu, sijui mpaka leo nguvu ile niliitoa wapi. Nilikwenda nikalitoa blanketi mtini, nikalifunga tumboni mwangu mbele yao wote, juu ya mtoto wangu.

"Kama lina kitu," nikasema, "kianze na huyu wangu."

Nilisimama hivyo nikingoja. Nilikuwa nangoja kweli, kwa maana sehemu moja ya moyo wangu iliamini kwamba nitasikia maumivu. Upepo ulipuliza. Mtoto tumboni akajigeuza, nikadhani ndiyo hiyo, nikafumba macho. Kisha nikahisi mikono ya Yustina inalifungua blanketi taratibu. Alilichukua likiwa na joto la mwili wangu, akamviringishia mwanawe, akaanza kutembea kuelekea barabarani bila kumngoja mumewe.

Tulipata lori la mahindi linalokwenda Sumbawanga mjini. Tulikaa juu ya magunia: Yustina na mtoto, Bibi Skola, mimi, na Gaspari akiwa ameilaza fimbo mapajani. Safari ile fupi ilikuwa ndefu kuliko mimba. Mtoto akikohoa tulishtuka, akinyamaza tulishtuka zaidi, na kila aliponyamaza Gaspari alimtazama Bibi Skola, na vidole vyake vikakaza fimbo. Bibi Skola alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza. Nilimshika mkono nikagundua kwamba unatetemeka kuliko wangu. Mpaka hapo nilikuwa nadhani haogopi.

Hospitalini muuguzi alimpokea mtoto, akasema ni homa ya mapafu, akamwekea mpira wa hewa puani. Tuliketi kwenye benchi. Muuguzi alipotoka alisema mtoto ameanza kupata nafuu, na kwamba aliyemfunika vizuri njiani amemsaidia. Gaspari akainuka akatoka nje. Aliporudi hakuwa na fimbo. Alimletea Bibi Skola kikombe cha uji, akakiweka pembeni yake, akaenda kukaa mbali.

Mtoto alipona. Ungetegemea niseme kwamba watu walikuja kuomba radhi. Hawakuja. Wengine walisema bibi aliogopa kuchomwa, ndiyo maana akauondoa uchawi wake mwenyewe. Hofu ni kama mbigili: ukiitoa mguuni, inabaki shambani. Watoto walianza kupita mbali na uwanja wake, na sweta zilizotoboka hakuna aliyempa tena. Mwishowe binti yake akaja kumchukua kwenda Laela. Asubuhi aliyoondoka, Yustina alimbebea furushi lake mpaka kituoni, kichwani, mchana kweupe, mwanawe akiwa mgongoni, mbele ya wote waliokuwa bombani. Na Yustina alikuwa mwoga kuliko sisi sote.

Mimi nilimaliza blanketi la mwanangu. Alizaliwa salama, mama yako mkubwa huyo. Lakini sitakudanganya: mwaka wake wa kwanza, kila alipopata mafua nililitoa blanketi nikalitazama, nikalirudisha, nikalitoa tena.

Nimekueleza haya kwa sababu juzi ulinisikilizisha sauti kwenye simu yako, ya mtu anayemtaja bibi mmoja na mtaa anaokaa na mtoto aliyeugua karibu naye, na ulikuwa unataka kuituma kwa wenzako ili wajihadhari. Zamani neno lilitoka bombani kwa miguu, likachoka njiani. Sasa linafika kote kabla hujameza mate. Kwa hiyo shika haya, mwanangu. Ukisikia mtu anatajwa, uliza nani ameona, siyo nani amesema. Mtoto akiugua, tazama pumzi yake kabla hujamtafuta wa kumlaumu, umpeleke hospitali kwanza, mengine yatangoja. Neno likomeshe likiwa bado neno, maana likishashika dumu la mafuta, mdomo wako hautatosha. Na anayesemwa usimwache akakaa peke yake. Nenda kwake mchana, umwamkie, ukae, watu wakuone umekaa. Utaogopa, nenda hivyo hivyo. Mimi sikungoja hofu iishe, na ningengoja, yule mtoto angekufa uani. Na katika kazi yako hii, nyuzi zitie rangi mbele za watu, mwite jirani akoroge, umwambie hili ni ganda la kitunguu na hili ni gome. Gizani ndiko uongo unakopatia chakula.

Sasa futa ile sauti, kisha uje nikuwekee mkono kichwani. Mungu akulinde na ulimi wa watu, na watu akawalinde na wako. Akupe macho ya kuona mgonjwa kabla ya mshitakiwa. Siku utakapotetemeka, akutume hivyo hivyo ukitetemeka, na akurudishe nyumbani salama. Uzao wako uwe mwingi, na uzeeke kati ya majirani wanaokuita kwa jina lako.