Sala ya Kuwasha Gari

Kaka yangu alikuwa fundi wa meno ya bandia. Hakung'oa jino la mtu hata siku moja. Alikaa chumba cha nyuma cha kliniki, chenye dirisha linalotazama ukuta, akitengeneza meno ya watu ambao hakuwahi kuwaona. Madaktari walimletea plasta ya chokaa iliyogandishwa kwa umbo la kinywa cha mgonjwa, naye akakipa kinywa hicho meno na ufizi. Jioni alirudi na vumbi jeupe kwenye nyusi, na Mama akimwona alimwambia, "Umezeeka tangu asubuhi, mwanangu."

Hiyo ilikuwa kazi yake. Moyo wake ulikuwa kwenye gari.

Lilikuwa gari la Kijerumani la milango miwili, la umri wangu au karibu na hapo, na lilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaopenda mbio. Alilikuta nyuma ya ghala la mbao, magurudumu yamezama ardhini na kuku ametagia kwenye kiti cha nyuma. Lilipoburutwa mpaka nyumbani kwake, wifi yangu, yaani mkewe, alitoka na mwiko mkononi akalizunguka.

"Hili ni gari au banda?"

"Kwa sasa ni vyote viwili," Kaka akajibu.

Kuanzia siku ile wifi alilipa gari lile jina la Mke Mwenzangu. Ukimpigia simu kumuuliza mumewe yuko wapi, alijibu, "Yuko kwa mke mwenzangu, amelala chini yake."

Miaka ilipita akilitengeneza. Kutu ilikuwa imekula chuma chini ya milango na pembeni mwa vioo, mahali ambapo maji hujificha chini ya mpira. Alikata bati bovu, akachomelea jipya, akasugua kwa msasa mpaka ukipitisha kiganja hujui kiraka kinaanzia wapi. Alitoa injini ya kwanza akaweka kubwa zaidi, yenye silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, kutoka kwenye gari jingine la ukoo ule ule lililokuwa limegongwa nyuma. Alibadilisha springi ili gari liiname chini kama yale ya mashindano. Tuta la kwanza la barabarani likalikwangua tumbo, na wifi akasema, "Mke mwenzangu sasa anatambaa." Wiki iliyofuata springi za zamani zilirudi mahali pake.

Vitu vidogo alivitengeneza kwa vifaa vya kazini. Kishikio cha kufungulia dirisha kilipovunjika, alikimimina upya kwa malighafi ile ile ya kutengenezea ufizi. Kilitoka kigumu, kizuri, na cha rangi ya waridi. Aliyekaa upande ule alifungua dirisha huku akihisi ameshika kinywa cha mtu.

Majirani walimuuliza anakwenda wapi na gari la kasi namna ile. Ukweli ni kwamba alikwenda kanisani na kurudi. Mara moja moja, asubuhi barabara ikiwa tupu, alilipeleka mbali kidogo ili, kama alivyosema, alisikie likiongea kwa sauti yake yote. Halafu alirudi polepole akitabasamu kama mtu aliyetoka kusalimia rafiki.

Sisi ni watu wa sala. Kwetu chakula hakiliwi, mlango haufungwi na safari haianzi kabla ya kuomba. Lakini sala ya Kaka ya kuwasha gari ilikuwa na jina lake mwenyewe katika familia, kwa sababu ya urefu. Mwanzoni ilikuwa fupi: alishukuru kwa njia, akaomba macho ya kuiona na breki za kuiheshimu. Baadaye akaongeza wagonjwa. Kisha wenye madereva wakorofi nyumbani kwao, kisha matrafiki, kisha watembea kwa miguu wasiotazama pande zote mbili. Mwaka wake wa mwisho aliombea hata waliolitengeneza lile gari kule Ujerumani, walio hai na waliolala. Tulisema anakua kiroho. Mchungaji alipopewa lifti, alishuka akasema hajawahi kuombewa vile.

Wote tulifumba macho, isipokuwa Mama. Mama haombi akiwa amefumba. Anasema Maandiko yametuamuru kukesha na kuomba, na anayekesha hafumbi macho. Tangu utotoni tumemtania kwa hilo, na Kaka ndiye aliyekuwa kinara.

Kisha moyo wa Kaka ulisimama akiwa kazini, mbele ya meza yake, na kwenye meza palikuwa na meno ya mtu yakisubiri kung'arishwa. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Nilitamka hivyo kaburini, na sikuweza kutamka zaidi. Tangu siku ile, kila nilipoomba, nilitaja maneno ya vitabuni tu. Ya kwangu mwenyewe hayakuja.

Baada ya maombolezo, wifi aliniita uani. Gari lilikuwa limesimama chini ya bati, limefunikwa shuka.

"Wifi, nisikilize usinikatize," akasema. "Rafiki zake wamejaribu kuliwasha, haliwaki. Fundi umeme amejaribu, haliwaki. Gari linalotembea ningelitunza. Gari lililokufa ni kaburi la pili, na mimi kaburi moja linanitosha. Jumamosi anakuja mtu wa kulikata."

Mtu wa kulikata tulimfahamu. Wanamwita Msumeno. Hununua magari yaliyokufa, akayagawa vipande: mlango huku, injini kule, mwili kwenye chuma chakavu.

Sikumlaumu wifi. Ndiye aliyeamka kila asubuhi akafungua dirisha la jikoni na kuliona. Lakini kila kiraka cha gari lile kilikuwa na kiganja cha kaka yangu. Nikamwomba amruhusu fundi umeme ajaribu mara ya mwisho, nami nikiwepo.

Fundi umeme, tunayemwita Waya, ni kijana mpole aliyesoma na wifi shule moja. Alizungusha ufunguo. Injini ilizunguka, ikakohoa bila kushika, kama mtu anayetaka kusema neno likamtoroka. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, mahali petu na Mama, na kuna kitu kilinisumbua. Sikukijua mpaka nilipogusa kiti.

"Fundi, nyuki wako wapi?"

"Nyuki gani, dada?"

"Chini ya kiti hiki huwa kuna mvumo, kama nyuki kwenye chupa. Wakati wa sala. Leo sikuusikia."

Waya akageuka akanitazama kwa makini. "Hiyo ni pampu ya petroli. Iko hapo hapo ulipokalia, ndiyo inayosukuma petroli kwenda mbele. Haifanyi kazi kwa sababu umeme haufiki. Marehemu alibadilisha njia za waya mwenyewe, akazifunga kwa utepe kama maiti ya Farao. Waya umekatika mahali ndani ya dashibodi. Kuutafuta ni kuing'oa yote, na kesho ni Jumamosi."

"Lakini kabla hajafariki walivuma."

"Ndipo hapo ninaposhindwa."

Akafungasha vifaa vyake. Niliona kama ana neno jingine, akalimeza.

Nilikwenda kwa Mama, nikamkuta anachambua mchele. Kwetu tunaambiwa kuuliza si ujinga, basi nikamuuliza kama anawakumbuka nyuki.

"Nawakumbuka. Huanza kaka yako akijikuna."

"Akijikuna wapi?"

"Goti. Kila sala. Nyinyi mmefumba macho, mkono wake wa kushoto unashuka chini ya usukani, unakaa huko mpaka amina. Nilidhani ana ukurutu. Unaikumbuka ile dawa ya ngozi niliyompa?"

Niliikumbuka. Kaka alinionyesha ile chupa akiwa haelewi, akaniuliza kama ananuka.

"Mama, mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nikifumbua macho mnanicheka. Nikasema haya, yangu macho." Akapepeta mchele kwenye ungo, makapi yakaruka. "Na ni nani alikuja kuniuliza habari za gari?"

Jumamosi asubuhi tulipofika, lori la Msumeno lilikuwa limeshaingia uani kinyumenyume, mitungi ya gesi na minyororo imepangwa. Waya alikuwepo kusaidia kufungua betri. Wifi alisimama kwenye mlango wa jikoni, mgongo umegusa fremu, kama aliyeahidi kutosogea zaidi ya hapo.

"Mzee, nipe nafasi kidogo," nikamwambia Msumeno. "Kuna mahali sijashika."

"Shika tu, dada. Chuma hakiozi kwa saa moja."

Mama akaingia nyuma, mahali pake, bila kuuliza mtu. Mimi nikakaa kwenye kiti cha Kaka na kushusha mkono wa kushoto chini ya usukani, kwenye giza la chini ya dashibodi. Vidole vilipita kwenye waya zilizofungwa vizuri, kwenye ukingo wa bati, halafu vikakutana na kitu kidogo, laini, chenye vilima juu yake. Nilikijua kabla sijakubali kwamba nakijua. Lilikuwa jino. Gego.

"Dada," Waya akasema nje ya dirisha, sauti chini. "Usiguse hapo."

"Uliliona?"

"Jana, kwa tochi." Akatazama jikoni, kisha viatu vyake. "Nyinyi ni watu wa kanisa. Nikajiuliza, nianzie wapi kuwaambia kwamba marehemu alificha hirizi ya jino kwenye gari? Nikaona niyaache na mwenyewe."

Kutoka kiti cha nyuma Mama alianza kucheka. Hatukuwa tumesikia kicheko chake tangu msiba, na hata Msumeno aliweka mnyororo chini.

"Wewe kijana," Mama akasema, "mtu anashinda na meno toka asubuhi mpaka jioni. Angekosa kitufe cha kubonyeza, angebandika nini, kifungo cha shati?"

Nikabonyeza jino. Likazama kidogo kama kengele ya mlangoni, na chini ya Mama nyuki wakaamka.

Waya alishika kichwa kwa mikono miwili. "Kumbe. Akibonyeza, pampu inapata umeme. Injini ikishawaka, inaiendesha pampu yenyewe. Na mwizi akija hana habari." Nikapeleka mkono kwenye ufunguo, akanizuia. "Subiri, usiwashe bado. Petroli haijafika mbele, limekaa sana."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Mpaka amina," Mama akasema.

Basi ikabidi niombe. Niliomba kwa macho wazi, kidole kwenye jino la kaka yangu. Nilishukuru kwa njia. Niliomba macho ya kuiona na breki za kuiheshimu. Nikapita kwa wagonjwa, kwa wenye madereva wakorofi nyumbani kwao, kwa matrafiki, kwa wasiotazama pande zote mbili. Nikafika kwa wale Wajerumani, walio hai na waliolala. Hapo sala ya Kaka ilikwisha, na nyuki walikuwa bado wanavuma, na mimi nikajikuta naendelea. Nilimweleza Mungu kwamba nina uchungu naye. Nilimwomba amtunze fundi wake wa meno. Hayo hayakuwa ya kitabuni. Kisha nikasema amina, nikazungusha ufunguo.

Liliwaka. Likakohoa mara moja, likatoa moshi wa kukaa muda mrefu, halafu silinda zote sita zikashika kwa pamoja, na ile sauti nzito, laini, iliyokuwa ikituambia Kaka amefika, ikajaa uani. Kishikio cha dirisha cha rangi ya waridi kilitetemeka.

Msumeno alisikiliza, kichwa ameinamisha. Kisha akaanza kukusanya minyororo yake.

"Mama," akamwambia wifi, "mimi hukata maiti. Huyu hajafa."

Wifi alikuwa ameshaondoka mlangoni. Alikuja taratibu, akaweka mkono juu ya boneti, akauacha hapo. "Mke mwenzangu," akasema, "na wewe una siri."

Waya ndiye aliyenieleza baadaye kilichobaki. Pampu ikizeeka, akasema, petroli hurudi nyuma gari likisimama, na kila mwaka inataka muda mrefu zaidi kuirudisha mbele. Nilikaa nalo neno hilo siku nzima. Kumbe wale wagonjwa, wale matrafiki, wale Wajerumani, waliingia kwenye sala mmoja mmoja kadiri pampu ilivyochoka. Nikamuuliza Mama: je, Kaka alikuwa anaomba, au alikuwa anasubiri petroli?

Mama hakufikiri sana. "Mimi niliwaombea nyinyi nikiwa mbele ya chungu, nikisubiri maharage. Maharage yaliiva, na nyinyi mkakua. Sasa nilikuwa nafanya lipi?"

Jumapili wifi alitoa shuka, akasema ataendesha yeye. Mimi na Mama tulikaa nyuma. Alishusha mkono wa kushoto, akatafuta, akapata. Nyuki wakavuma. Akaomba kwa sauti ndogo, kwa mpangilio wa mumewe, na mimi kwa mara ya kwanza maishani niliacha macho yangu wazi kama Mama. Niliona bega lake likilegea. Alipofika kwa Wajerumani hakusimama. Akawataja watoto wake, akamtaja Mama, akanitaja mimi, akamtaja Waya na Msumeno.

Petroli ilikuwa imeshafika mbele zamani. Mama akanitazama, nami nikamtazama, na hakuna aliyemwambia wifi awashe.