Ufunguo wa Tangi la Mwantum

Mwantum wa mtaa wa Buyenzi hakuwa mtu wa kuchezewa. Mumewe Rachidi alipofariki, shemeji zake walikuja kuchukua Haisi kuukuu aliyoiacha, wakamkuta Mwantum kwenye usukani, amejifungia ndani, wala hajui hata kubadili gia. Walirudi kama walivyokuja. Baada ya muda mwanamke huyo huyo alikuwa akitubeba sisi wachuuzi kutoka mjini hadi Gasenyi, ushungi umefungwa imara, mkono hautoki kwenye honi. Mimi na kapu langu la ndagaa tulikuwa abiria wake wa kudumu. Ninayosimulia nimeyaona, na mengine nimeyasukuma kwa mikono yangu.

Maana gari lilianza kuzimika. Ilikuwa miaka ya vita, na juu yake nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, petroli ikawa ya kutafuta kwa tochi. Kila safari Haisi ilitoka mjini vizuri, ikapita mtaa wa Kinama, halafu pale penye mashamba, pasipo na nyumba, ambapo risasi zilizoea kusikika, ikakohoa na kunyamaza. Tunashuka, tunasukuma, tunasali kila mtu kwa dini yake. Ikikaa kidogo inawaka kana kwamba haikukosea kitu. Abiria wakaanza kuikimbia.

"Heri miguu yangu," alisema Léocadie, Mkongomani muuza vitenge. "Miguu haizimike katikati ya vita."

Hapo ndipo Anouar wa mtaa wa Asiatique, mnunuzi wa magari mabovu ya kukata vipuri, alipoanza kupita kwa Mwantum kumsalimia. Salamu ndefu ndefu! Mwishowe Mwantum alichoka, akamwahidi kwamba gari likizimika tena, aje alichukue. Alituambia hayo asubuhi moja akitabasamu, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Gari hilo ndilo lililolisha watoto wake, na ndilo lililomwepusha kwenda kuomba mlangoni kwa shemeji zake. Nilimwonea uchungu sana.

Fundi wake alikuwa Uthmani, bingwa wa kelele Buyenzi nzima. Alikwisha kubadilisha plagi, akabadilisha koili, akafungua kabureta na kuisafisha, na kila mara injini ilinguruma gereji mchana kutwa bila kuzima.

"Gari yako iko muzima, dada Mwantum," akamwambia siku hiyo gereji, sisi abiria tukingoja. "Pengine ni we mwenyewe unaizima."

"Mi naizima? Pale masasi yanapolia? We Uthmani, uko na akili?"

Lazima nieleze desturi ya siku zile. Petroli, au esansi kama tunavyoiita, ilipoadimika, hakuna aliyempelekea fundi gari lenye mafuta. Ulimimina yote kwenye bidoni, yaani dumu, ukaificha chini ya kitanda, ukalisukuma gari hadi gereji. Fundi naye alitundika chupa ya esansi juu ya injini, akaunganisha mpira mwembamba, akapima kwa hiyo. Hakuna aliyenuna, kwa sababu kila mtu alikuwa na kisa chake cha mafuta yaliyoyeyuka gereji. Mwantum alizidi wote. Alitia kufuli kwenye mfuniko wa tangi, ndani akabana kipande cha mpira wa tairi ili hata harufu isitoke, na ufunguo akauvaa shingoni.

Uthmani alikaa akiitazama chupa yake. Ghafla akasimama.

"Dada, kule njiani unatembea na chupa?"

"Apana. Na tangi."

"Basi mi sijapima gari yako hata siku moja. Nimepima chupa yangu. Tia esansi yote, leo napanda na we."

"Upande na esansi yangu? Wallahi, apana!"

"Basi muite Anouar."

Mwantum akaenda nyumbani. Akavuta bidoni chini ya kitanda, akaja kuimimina yote tangini na kulifunga kwa kufuli.

Tukaondoka, Uthmani kiti cha mbele, sisi nyuma na makapu yetu. Tukapita Kinama. Pale penye mashamba gari likakohoa, likazima. Upande wa milimani bunduki zikalia, mbali, lakini si mbali vya kutosha. Léocadie alishika mlango akitaka kukimbia. Mimi nilikumbatia kapu langu la ndagaa, sioni haya kusema.

"Mutu asishuke," Uthmani akasema. "Dada, leta ufunguo wa tangi."

Mwantum akaukamata shingoni. Hata pale!

"We mama, utakufa na esansi yako?" Léocadie akapiga kelele.

Mwantum akauvua, akampa fundi.

Uthmani akashuka, akafungua kufuli, akavuta mfuniko. Ukagoma. Akavuta tena kwa nguvu. Fyuuuu! Tangi likavuta pumzi ndefu, sote tukaisikia.

"Washa!"

Injini ikawaka mara moja, bila kusukumwa, bila kusubiri.

Uthmani alicheka hadi akashika mbavu. "Umeziba hewa, dada! Esansi inatoka, hewa haiingie, pampu inashindwa kuvuta. Ikipumuzika, hewa inapenya kidogo kidogo, inawaka tena. Kwangu ilikuwa inakunywa kwa chupa, na chupa iko wazi!" Akautupa ule mpira shambani, akazibua kitundu cha hewa cha mfuniko kwa msumari.

Hatukusimama tena. Tuliingia Gasenyi kwa vigelegele, Léocadie ametoa kichwa dirishani akipunga kitenge cha biashara. Tuliporudi mjini, Anouar alikuwa mbele ya duka lake, kamba ya kuvutia gari begani. Mwantum alipunguza mwendo, akampigia honi ndefu kuliko salamu zake zote, akapita.

Wiki iliyofuata alilipeleka gari kwa Uthmani likatengenezwe breki. Safari hii hakulisukuma, aliingia nalo likinguruma. Uthmani, kwa mazoea, akaanza kutafuta chupa yake.

"Weka pembeni hiyo chupa," Mwantum akasema. "Esansi iko ndani, tangi imejaa."

Mafundi wote wakaacha nyundo. Akauvua ufunguo shingoni, akauweka kiganjani mwa Uthmani, akaenda zake kwa miguu bila kugeuka nyuma.

Jioni aliporudi alikuta mshale wa kipimo cha mafuta palepale alipouacha. Uthmani alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya tangi, spana mkononi, akiwakodolea macho mafundi wenzake. Alikuwa amelinda tangu asubuhi, na breki hakuzigusa.